Mugonjwa wa VIH akilazwa: kipimo cha dakika 10 cha kuomba mbele kichwa kianze kuuma

Tuchukue mufano ambao wengi kati yenu mutautambua. Mama mumoja wa miaka 34 anaumwa kichwa. Ku kituo cha afya wanamutibu palu. Kichwa hakiachi. Wiki inayofuata wanasema ni tifoide, anakunywa dawa, kichwa hakiachi. Anaanza kutapika, macho yanaona vitu viwili-viwili, na usiku moja anaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Familia inagawanyika. Wengine wanasema amelogwa, apelekwe ku chumba cha maombi. Wengine wanatafuta moto ya kumufikisha ku hospitali kubwa. Kule ndipo inajulikana kwamba aliacha dawa za ARV tangu familia ilipokimbia vita, na kwamba kuvu moja inayoitwa kriptokoki imeshaingia mu ubongo wake.

Siku hiyo waganga wanaweza bado kumutibu, na wengine wanapona. Lakini wamechelewa. Wiki chache mbele, wakati kichwa kilikuwa hakijaanza kuuma, tone moja la damu lingeonyesha ugonjwa huo, na angepewa vidonge. Habari hii inazungumuzia kipimo hicho: ni cha nani, kinafanywa namna gani, na familia inaweza kuuliza nini ku hospitali.

Kriptokoki ni nini?

Kuvu ni jamaa ya ule ukungu unaoota ku mukate uliolala siku nyingi. Ziko za aina nyingi, na karibu zote hazituzuru. Kriptokoki inaishi mu udongo, zaidi mahali kuko mavi ya ndege kama njiwa. Ni ndogo sana, macho haiwezi kuiona. Inaruka na vumbi, tunaivuta na hewa, inaingia mu mapafu. Watu wengi wameshaivuta bila kujua, na mwili wenye nguvu unaifunga palepale.

Kwa mutu ambaye virusi vya ukimwi vimeshamaliza askari wa mwili wake, hali inabadilika. Kuvu inatoka mu mapafu, inapita mu damu, inapanda mupaka ku ngozi zinazofunika ubongo. Hapo inaitwa menenjiti ya kriptokoki. Bila dawa, inaua.

Jambo moja la kushika: ugonjwa huu hautoki kwa mutu kwenda kwa mwengine. Hauambukizwi kwa sahani, kwa kitanda, kwa kumushika mugonjwa ao kwa kumufulia nguo. Hakuna sababu ya kumutenga mutu pembeni.

Hesabu ya dunia inasaidia kuelewa uzito wake. Kwa mwaka 2020, wachunguzi walikadiria kwamba watu karibu 152,000 wenye VIH walipata menenjiti hii, na 112,000 kati yao walikufa. Maana yake, karibu vifo 19 ku vifo 100 vya ukimwi vilitoka ku kuvu hii moja. Sehemu kubwa ya vifo hivyo ilikuwa mu Afrika kusini ya Sahara, bara yetu sisi.

Inchi yetu inaujua tangu zamani

Si ugonjwa mupya kwetu. Mu mwaka 1983, kikundi cha wachunguzi, kati yao Mubelgiji Peter Piot, kilifika Kinshasa ku hospitali Mama Yemo, ile ambayo leo ni Hospitali Kuu ya jimbo la Kinshasa. Dokta Bila Kapita ndiye alikuwa anaongoza pale huduma ya magonjwa ya ndani. Kwa wiki 3 tu, walikuta mu Kinshasa wagonjwa 38 wa ugonjwa ambao wakati ule dunia ilikuwa inauzania ni wa Marekani na Ulaya. Kukonda, kuharisha kusikokwisha, na menenjiti ya kriptokoki vilikuwa kati ya alama zilizowaonyesha waganga kwamba wako mbele ya SIDA.

Wakati ule hakukuwa na ARV. Leo ziko. Ndiyo sababu wengi wanafikiri kwamba mambo hayo yalibaki nyuma. Hayakubaki nyuma. Yanarudi kwa mulango mwengine: mulango wa kuacha dawa.

Ni nani yuko mu hatari?

Waganga wanatumia hesabu moja inayoitwa CD4. Ni wale askari wa mwili ambao virusi vinawaua. Mutu muzima mwenye afya iko na CD4 zaidi ya 500. Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema kwamba mutu mukubwa ao kijana mwenye VIH ambaye CD4 zake ziko chini ya 200, ao mwenye magonjwa ya ngazi ya 3 ao ya 4, iko mu hali inayoitwa VIH iliyosonga mbele. Kifua kikuu, ukungu mweupe unaojaa mu kinywa, kukonda sana bila sababu, ni kati ya magonjwa hayo.

Watu hao ni wa namna mbili. Kuko yule ambaye hakujua kama iko na virusi, anapimwa mara ya kwanza siku anapolazwa. Na kuko yule aliyejua, aliyeanza dawa miaka mingi, kisha akaacha ao dawa zikaacha kumusaidia.

Kwetu mashariki, huyu wa pili tunamujua vizuri. Tarehe 20 ya mwezi wa 1 mwaka 2025, serikali ya Marekani ilisimamisha kwa siku 90 misaada yake ya inje, na sehemu kubwa ya kazi za VIH mu Afrika ilikuwa inaegemea feza hizo. Wiki moja nyuma yake vita ikaingia Goma, na katikati ya mwezi wa 2 ikafika Bukavu. Mutu anakimbia na watoto na godoro, karte ya matibabu inabaki mu nyumba. Kule anakofikia, anaogopa kusema hali yake mbele ya watu asiowajua. Mwezi moja bila dawa, miezi 3, miezi 6. Virusi vinaamka, CD4 zinashuka, na yeye mwenyewe bado anajiona muzima.

Hapo ndipo kuko mutego. Wengi wenye CD4 chini ya 100 wanatembea, wanalima, wanauza ku soko. Ukiwatazama tu kwa macho, huwezi kuwatambua. Ndiyo maana muganga anaomba hesabu ya CD4, haangalii sura peke yake. Siku hizi kuko hata kipimo cha haraka cha CD4, cha damu ya kidole, kisichohitaji mashine kubwa. Hakitoi namba kamili. Kinasema tu kama uko juu ao chini ya 200. Kwa kazi hii, inatosha.

Kipimo chenyewe

Kipimo cha kriptokoki kinafanana na kile cha palu ao cha VIH ambacho munakifahamu. Ni karatasi ndogo inayowekwa mu tone la damu, ao mu maji ya damu. Unangojea dakika 10. Mustari moja, hakuna kitu. Mistari miwili, alama ya kuvu iko mu damu. Hakihitaji kurenti, hakihitaji mashine, na muuguzi aliyefundishwa anaweza kukifanya pembeni ya kitanda. Ku karatasi za labo kinaandikwa CrAg. Bei yake kwa programu zinazokinunua ni dola chache tu.

Nguvu yake ni kwamba kinaona mbele. Wachunguzi waliofuata watu wenye VIH kule Entebbe, Uganda, walitangaza mu mwaka 2002 kwamba alama ya kriptokoki ilikuwa mu damu siku 22 kwa wastani mbele ya dalili za kwanza. Kwa wengine ilikuwa zaidi ya siku 100. Hizo siku 22 ndizo nafasi tuliyo nayo.

OMS inaomba kipimo hiki kifanywe kwa kila mutu mukubwa na kila kijana kuanzia miaka 10 mwenye VIH na CD4 chini ya 100, na inasema ni vizuri kukifanya mupaka 200. Kifanywe mbele mutu aanze ARV, ao mbele azirudilie kama alikuwa ameziacha. Katika watu 100 wenye CD4 chini ya 100 ambao hawajisikii dalili yoyote, karibu 6 wanakutwa na alama hii mu damu.

Mugonjwa aliyelazwa ni wa kwanza katika musururu huo. Kama mutu mwenye VIH amefika hatua ya kulala hospitali na homa, kukonda ao kikohozi, hakuna haja ya kungojea kichwa kiume. Na kama CD4 haiwezi kupimwa siku hiyo, ugonjwa alio nao unaweza wenyewe kumuweka mu ngazi ya 3 ao ya 4, na hiyo inatosha kumufikiria.

Kikitoka pozitifu

Kipimo kikitoka pozitifu, swali la kwanza ni hili: kuvu imebaki mu damu, ao imeshafika ku ubongo? Jibu linatafutwa mu maji ya mugongo.

Kama haijafika ku ubongo, mugonjwa anapewa vidonge vya flukonazoli. Anaanza na kipimo kikubwa kwa wiki 2, anaendelea wiki 8, kisha anabaki ku kipimo kidogo kila siku mupaka CD4 zipande juu ya 200 na virusi vishuke. Ni muda murefu, lakini anaufanya akiwa nyumbani.

Tafazali, usiende kujinunulia dawa hii. Kile kidonge kimoja cha miligramu 150 kinachouzwa ku farmasi juu ya ukungu wa uke hakitibu kriptokoki. Kinaweza kukupa moyo wa bure wakati kuvu inaendelea kupanda. Na mwanamuke mwenye mimba ao anayezania iko na mimba amuambie muganga, juu dawa hii kwa wingi inaweza kuzuru mutoto.

Kama kuvu imeshafika ku ubongo, mugonjwa sherti alazwe. Kwa miaka mingi dawa kubwa ilikuwa amfoterisini B ya zamani, inayopitishwa mu mushipa kila siku, na inayochosha figo na damu. Mu mwaka 2022 yakatoka majibu ya uchunguzi mukubwa uliofanywa Botswana, Malawi, Uganda, Zimbabwe na Afrika ya Kusini, kwa wagonjwa zaidi ya 800. Walijaribu dozi moja tu, lakini kubwa, ya amfoterisini B ya liposomu, pamoja na vidonge vya flusitozini na flukonazoli kwa siku 14. Kisha wiki 10, walikufa karibu 25 ku 100, wakati ku dawa za zamani walikufa karibu 29 ku 100, na hii mupya haikuchosha mwili sana. Mwaka uleule OMS ikaifanya kuwa matibabu ya kwanza.

Soma tena hiyo namba. Hata na dawa nzuri kupita zote, mu hospitali ambako kila kitu kilikuwa tayari, mugonjwa mumoja ku 4 alikufa. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kupima mbele na kungojea dalili.

Woga wa sindano ya mugongo

Familia nyingi zinakataa hapa. Maneno yanayozunguka mu kartier ni yaleyale: "Ukikubali watoe maji ya mugongo, mutu wenu hatatoka." Inaeleweka namna maneno haya yalizaliwa. Mara nyingi sindano hiyo inafanywa wakati mugonjwa iko tayari ku mulango wa kifo. Akifa kesho yake, watu wanakumbuka sindano, hawakumbuki wiki 3 za kichwa.

Ukweli ni huu. Sindano inaingia chini ya mugongo, mahali ambapo uti wenyewe umeshaisha, na inatoa maji kidogo. Muganga anaangalia kwanza kama hakuna sababu ya kuikataza. Inaonyesha kuvu, na zaidi ya hapo inatibu. Kriptokoki inaziba njia za maji ya ubongo, maji inajaa, inafinya ubongo: ndiyo ile maumivu ya kichwa isiyosikia dawa, ndiyo macho kupotea. Kutoa maji kunapunguza mufinyo. Kuko wagonjwa ambao sherti waitolewe kila siku kwa siku kadhaa, na kila mara wanasikia kichwa kimekuwa chepesi. Kwa hiyo muganga akisema "tunarudilia", si kwamba ameshindwa.

Kwa nini ARV zinangojeshwa?

Hapa ndipo kuna neno linaloshangaza familia. Mutu amelazwa juu ya VIH, na muganga anasema tusianze ARV sasa. Wengine wanazania amemuachilia.

Hajamuachilia. ARV zinaamusha askari wa mwili kwa haraka. Wakiamuka na kukuta kuvu imejaa mu ubongo, wanapigana kwa nguvu sana, ubongo unavimba, na mutu anaweza kufa kwa vita hiyo. Uchunguzi uliofanywa Uganda na Afrika ya Kusini, uliotangazwa mu 2014, ulionyesha hivyo: walioanza ARV haraka walikufa 45 ku 100 mu miezi 6, wale waliongojea karibu wiki 5 walikufa 30 ku 100. Tangu hapo waganga wanangojea wiki 4 mupaka 6 kisha kuanza dawa za menenjiti, ndipo wanaanza ARV.

Ndiyo sababu kipimo sherti kije mbele. Mutu aliyeacha dawa, akirudi na kupewa ARV siku hiyohiyo bila kuangalia kriptokoki, anaweza kuwashwa moto bila mutu kukusudia. Hii haina maana ya kuogopa kurudi ku dawa. Rudi, na rudi haraka, lakini sema ukweli: "Nilikuwa nimeacha, tangu mwezi fulani." Maneno hayo ndiyo yatamukumbusha muuguzi kupima.

Kuvu zingine za kuangalia

Kriptokoki haiko peke yake. Mutu mwenye kikohozi kikavu na pumuzi inayokatika hata akitembea kidogo anaweza kuwa na numonia ya kuvu inayoitwa pnemosisti. Hiyo inazuiwa na kotrimoksazoli, ile munaita baktrimu, inayokunywewa kila siku. Ukungu mweupe mu kinywa, ukifuatwa na maumivu ya kumeza, unaonyesha kuvu ya kandida imeshuka mu koo. Na kuko histoplasmozi, kuvu ya udongo wenye mavi ya popo na ya ndege, inayofanana sana na kifua kikuu. Mu Afrika ya kati iko na aina yake inayopiga ngozi, mifupa na tezi. Kwa aina inayoenea mu mwili muzima kuko kipimo cha mukojo.

Kifua kikuu chenyewe si kuvu, lakini kinatembea pamoja nazo. Kinaweza kutafutwa kwa mukojo, kwa dakika 25, siku ileile wanapotafuta kriptokoki.

Kupima peke yake hakutoshi

Dar es Salaam na Lusaka, watu karibu 2,000 wenye CD4 chini ya 200 walifuatwa mwaka muzima. Nusu walipata matibabu ya kawaida. Nusu nyingine walipimwa kriptokoki, na wahamasishaji wasiokuwa waganga waliwatembelea nyumbani mu wiki za kwanza, kuangalia kama wanakunywa dawa na kama kuko dalili. Ku kundi la kwanza walikufa 18 ku 100, ku la pili 13 ku 100. Majibu yalitoka mu 2015. Wahamasishaji wa namna hiyo tuko nao: ni RECO wa kartier zetu, ni vikundi vya watu wanaoishi na VIH. Kazi yao ku nyumba za waliorudi ku dawa inaokoa maisha sawa na kazi ya labo.

Maswali ya kuuliza ku hospitali

Kama unamulinda ndugu mwenye VIH aliyelazwa, uliza kwa heshima, na uulize mapema:

– Dokta, CD4 zake ziko ngapi? Kama haziwezi kupimwa hapa, ugonjwa wake uko ngazi gani?

– Wamemupima kriptokoki, ile CrAg? Kama hospitali haina kipimo, damu inaweza kutumwa wapi?

– Wamemupima kifua kikuu kwa mukojo?

– Anapaswa kupewa kotrimoksazoli?

– ARV ataanza ao atarudilia siku gani, na kwa sababu gani siku hiyo?

Na wewe umuambie muganga mambo 3 ambayo mugonjwa anaweza kuficha: kama aliacha dawa na tangu lini, kama alikunywa dawa za kienyeji ao za farmasi, na kama kichwa kinamuuma.

Nyumbani, mutu mwenye VIH ambaye kichwa kinamuuma siku nyingi, hata bila homa, hata kama shingo haikukauka, asiendelee kutibiwa palu peke yake. Macho kuona viwili, kutapika, kulala sana, tabia kubadilika: hizo ni dalili za kufika hospitali siku hiyohiyo. Mukitaka kuomba Mungu, ombeni mukiwa njiani.

Hospitali zingine hazina kipimo hiki. Lakini kitu kisichoulizwa ni rahisi kukosekana miaka yote. Kila familia inayouliza "mumepima kriptokoki?" inamukumbusha muganga, naye anamukumbusha mukubwa wa labo, naye anakiandika ku orodha ya vitu vya kuomba ku zoni ya afya.